Mama, Simba Yuko kwenye Vijiko vya Zamzam

Mama,

Dua yako imesomwa, ubani bado unanukia sebuleni, na kaka yako, Mjomba Juma, ameniomba nizungumze kwa niaba ya watoto wako wawili. Waliomo humu wananifahamu. Mimi ni Halima wakili, yule anayeitwa kutoa shukrani harusini na kusoma wasifu mazikoni, na kila mara nimesimama mbele yao nikiwa nimeyapanga maneno yangu kama unavyopangwa mstari wa vikombe kabatini. Leo sikuandika hotuba. Nimekuandikia wewe. Wao nawaomba radhi, wanivumilie nikikusomea.

Nikimaliza, Mjomba atauliza swali ambalo ukoo wetu huuliza kila arobaini: je, yupo mwenye neno juu ya kitu chochote alichokiacha marehemu? Wote wakinyamaza, jambo limefungwa na halifunguliwi tena. Akitokea wa kusema, vitu vyote hurudishwa mkekani na kugawanywa upya mbele ya mashahidi. Nyumba hii na kiwanja chake havina ubishi, sheria ya dini ilikwisha kutamka. Neno langu linahusu birika, sinia na vijiko sita. Nimekuwa nalo moyoni tangu wiki ile tuliyokuzika, na dada yangu Zamzam, aliyekaa pale karibu na mlango akijifanya anahesabu visahani, anajua kwamba ninalo.

Mama, nina wivu. Naanza na hilo ili nisilizunguke.

Watoto waliozaliwa juzi hawajui habari za vyombo hivi, kwa hiyo nitazieleza. Babu, baba yako, alikuwa askari wa jeshi la wakoloni, akihudumia meza ya maofisa kule kambini. Afisa mmoja wa Kiingereza alipofungasha kurudi kwao, alimwachia Babu birika la chai, sinia lake na vijiko sita, vyote vikimeremeta. Babu hakusoma Kiingereza, lakini alisoma mabega. Aliligeuza birika, akaona chini yake ngao nne ndogo zimepangwa mstari, kila moja na herufi yake ndani, akazisoma kama askari anavyosoma vyeo. Kapteni ana nyota tatu, akasema, na hili lina nne, kwa hiyo limempita. Ila katika nchi hii vyeo vikipanda sana huleta matatizo, basi libaki Kapteni. Vijiko navyo alivigeuza, akaona nyuma ya mpini vialama vidogo vilivyofifia, visivyoonekana mpaka ukunje uso. Akavicheka. "Hawa makuruta," alisema, "hata hawajavaa vyeo."

Hivyo ndivyo ulivyotulea. Kapteni alikaa kwenye kabati la vioo, akatolewa Idi na posa tu. Makuruta walikaa jikoni, ndani ya mkebe wa majani ya chai, pamoja na mwiko na kisu. Wageni walipofika, Zamzam na mimi tulishindana kukimbia kumpelekea Kapteni habari. Nawe ulimimina mwenyewe, hukumwachia mtu mwingine, ukiwa umenyoosha mgongo kama uko kwenye gwaride. Na kila ulipomimina, matone kadhaa yaliangukia kisahani. Kila mara. Ulikuwa ukicheka na kusema, "Kapteni mzito huyu, bambi, amekula mishahara mingi." Wageni walicheka, nasi tukacheka.

Ulipolala kitandani usiinuke tena, ulituita sote wawili. Sauti yako ilikuwa imebaki kidogo. Ulisema, "Kapteni na sinia lake ni vya Halima. Makuruta ni wa Zamzam." Kisha ukafumba macho, kama mtu aliyetua mzigo.

Nikuambie nilichohisi siku ile? Nilihisi nimeshinda. Nilimwonea Zamzam huruma, na huruma yenyewe ilikuwa tamu. Kwa maana miaka yote, Mama, yeye ndiye aliyekuwa mshindi. Yeye ndiye aliyebaki nawe hapa Makindye. Yeye ndiye aliyejua dawa yako ya asubuhi na dawa yako ya jioni, na upande unaoupenda kulalia. Ulinipigia simu mimi, mwanao wa kwanza, ukanieleza kwa dakika nyingi kwamba Zamzam amekohoa. Ofisi yangu iko mjini, ghorofani juu ya mtaa wa Nakivubo. Kibanda cha Zamzam cha masufuria kiko katika soko la Owino, mwendo wa kumaliza pipi moja mdomoni. Sikujua kwamba ulikuwa ukimpelekea chakula pale. Niliambiwa matangani na majirani zake wa sokoni, wanawake wenye huzuni ya kweli, waliokuja wakanishika mikono na kusema, "Mama yenu alikuwa anatuletea gurusa zake za moto, anakaa na sisi, anacheka mpaka tunafunga biashara." Walidhani wananifariji. Ulipita chini ya dirisha langu na kikapu cha mikate ile ya moto, Mama, na hukupanda. Nilipokualika zamani ulisema lifti inakutia kizunguzungu. Kuna ngazi pia.

Kwa hiyo nilipopewa Kapteni, nilimbeba hadi kwangu nimempakata kama bibi harusi. Nilimweka juu ya meza ya kulia chakula, mahali ambapo kila aingiaye lazima amwone. Kisha nikataka kujua umri wake. Ni ugonjwa wa kazi yangu. Siwezi kumiliki kitu bila kujua hati yake. Nilinunua kioo cha kukuzia, nikamgeuza Kapteni kwenye mwanga wa dirisha, nikazisoma zile ngao nne, na nikatafuta maana yake.

Babu alisoma mabega vizuri. Ila hayakuwa mabega. Zile herufi nne ni tangazo tu la kiwandani kwamba chombo hiki kimetengenezwa kwa madini mengine ya bei nafuu, kisha kikachovywa katika fedha kwa nguvu ya umeme. Herufi zimetiwa ndani ya ngao ili kwa mbali zifanane na mihuri ya kweli. Nikaligeuza birika huku na huku, na hapo nikaona nilichokuwa nikikiona tangu utotoni bila kukiona: kwenye mkunjo wa mdomo, na kwenye kitovu cha mfuniko, pale vidole vyako na majivu yako ya kusugulia vyombo vilipopita zaidi, ngozi ya fedha imekwisha na chini yake kuna weupe mwingine, wenye umanjano, uliochoka. Kapteni wetu alikuwa amevaa sare ya kuazima.

Ndipo nilipowakumbuka makuruta.

Fedha halisi ya Kiingereza, nilijifunza, haijitangazi kwa herufi kubwa. Hupelekwa kwenye ofisi ya upimaji, na ikifaulu hupigwa mihuri midogo sana, mmoja pembeni ya mwingine: simba anayetembea akiwa ameinua mguu wa mbele, ndiye shahidi wa fedha yenyewe, alama ya mji ilikopimwa, herufi ya mwaka, na herufi za jina la fundi. Vialama vidogo. Vilivyofifia. Visivyoonekana mpaka ukunje uso.

Sikulala vizuri baada ya hapo. Nilijiambia kwamba si kwa sababu ya thamani, na nilijiambia kweli. Ningeweza kununua vijiko. Lakini niliona kwamba hata ulipokuwa ukituaga umenipa mimi mng'aro, na kitu chenyewe ukampa Zamzam. Nikaanza kufanya kile ninachofanya vizuri kuliko kupenda: nikaanza kujenga hoja. Zawadi aliyoitoa mgonjwa katika ugonjwa aliofia, akampa mrithi wake, haisimami mpaka warithi wenzake waridhie. Hiyo ni sheria ya dini yetu, Mjomba anaijua, na haihitaji wakili hodari. Ningesimama leo, ningetamka sentensi moja, na makuruta wangerudi mkekani. Nilikuwa nimekwisha kuichagua sentensi yenyewe.

Kilichobaki kilikuwa ushahidi. Nikaja hapa kwako Ijumaa iliyopita, mchana, nikiwa na kioo changu mkobani.

Zamzam alinifungulia akiwa amevaa khanga yako ya zambarau. Hilo nalo nililiona. Alikiona kioo, akalitambua shauri langu kabla sijakaa, akapaza sauti ya sokoni ili majirani wasikie: "Daktari ya vijiko amefika! Karibu, nnyabo, wagonjwa yako wote wako hapa!" Akaumwaga mkebe mkekani kwa kishindo. Kisha akanigeuzia mgongo, akaendelea kusugua sufuria zake, lakini alisugua sufuria moja tu muda wote, nami nilimwona.

Nilivipanga vijiko sita mbele yangu. Nikakichukua cha kwanza, nikakipumulia, nikakifuta, nikaweka kioo. Alikuwepo, Mama. Simba. Majivu yako na limau zako za kila Idi zilikuwa zimemla manyoya na uso, amebaki kivuli cha mnyama anayetembea, lakini mguu wa mbele alikuwa ameuinua. Pembeni yake nanga, alama ya mji wa Birmingham, mji usio na bahari, ajabu yao hiyo wanaijua wenyewe. Herufi ya mwaka imefutika. Sitajua umri wao, na wewe ndiye uliyeifuta. Cha pili, simba. Cha tatu, simba. Nilikuwa nikimwita kila mmoja kimoyomoyo kama karani wa mahakama anavyoita mashahidi, na kila mmoja alipoitika nilizidi kuumia.

Kijiko cha sita kilikuwa na kasoro. Wanaovijua vijiko vya zamani husema kwamba kijiko kilichotumika sana hulika ncha upande wa kushoto, kwa sababu watu wengi hukishika kwa mkono wa kulia na kukwangulia upande huo. Vijiko vitano vilikuwa hivyo, vimelika kidogo, kazi ya mikono ya maofisa wale na wenzao waliowatangulia. Cha sita kilikuwa kimelika sana, ncha yake imekatwa mshazari kama kucha. Na kilikuwa kimelika upande wa kulia.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilidhani nimepata kijiko cha bandia katika urithi wa dada yangu. Nikakigeuza, nikaweka kioo. Simba yule yule. Nanga ile ile. Herufi za fundi yule yule. Kilizaliwa pamoja na wenzake.

"Hiki mlikifanya nini?" nilimuuliza Zamzam.

Alikitazama juu ya bega. "Hicho si cha Mama? Cha uji. Alikuwa anakwangulia sufuria kila asubuhi, sisi bado tumelala. Tangu sijazaliwa. Kukwangua, kukwangua, hiyo sauti ndiyo ilikuwa saa yangu."

"Ulimwona akikwangua?"

"Nani angemwona? Ukiingia jikoni si anakufukuza? 'Tokeni, moshi utawaua macho.'"

Unakumbuka mkono wangu wa kushoto, Mama? Wote humu wanaukumbuka. Niliandika nao, nikala nao, nikapokea zawadi nao, na mbele ya wageni ulinipiga kidogo juu ya vidole, ukasema kwa upole uliokuwa mgumu kuliko ukali, "Mkono wa kula, Halima." Nilijifunza. Nilikula kwa mkono wa kulia nikajimwagia mchuzi, mpaka nikazoea. Lakini siku zile nilipokuta sote wawili tuko peke yetu jikoni, nikasahau, nikashika kwa kushoto, hukusema kitu. Uliangalia pembeni, ukajipa shughuli na moto. Nilikua nikiamini kwamba ulikuwa umechoka nami. Nilikua nikiamini kwamba ndiyo maana ulimwita Zamzam akate vitunguu, Zamzam achambue mchele, Zamzam ashike kisu, na mimi ukanitoa na kitabu: "Wewe nenda kasome." Nimesoma sana, Mama. Nilisoma kwa hasira ya mtu aliyenyimwa kitunguu.

Nilisimama mkekani nikiwa na kile kijiko. Nilimwomba Zamzam sufuria iliyokuwa mikononi mwake. Nikaishika kwa mkono wa kulia, nikakitia kijiko mkono wa kushoto, nikakwangua ukingo wa sufuria tupu, taratibu, kuelekea kwangu. Ncha ile ililala juu ya bati bila mwanya wowote. Nilikihamishia mkono wa kulia. Kikagonga, kikaruka, kikakwaruza kama mgeni asiyejua njia. Nikakirudisha kushoto. Kikatulia.

Zamzam alisikia ile sauti. Aliacha kila kitu. Aliketi chini pale pale penye maji, na khanga yako ikalowa.

Alisema, "Vitunguu."

Kisha akasema, "Ndiyo maana alikuwa ananipa mimi vitunguu. Kisu hakidanganyi mkono."

Nami nikasema, "Na chai kwenye visahani." Kwa maana Kapteni hakuwa mzito, Mama. Ni mwepesi, mimi ninaye, namwinua kwa vidole viwili. Ulikuwa ukimimina kwa mkono wa kulia, usio wako, mbele ya wageni, miaka yote, umenyoosha mgongo, na chai ilipomwagika ukaitoa dhihaka mbele ili kicheko kifike kabla ya jicho.

Nilimtazama dada yangu, nikaona usoni mwake kitu nilichokitambua mara moja, kwa kuwa nimeishi nacho uso kwa uso kila nilipojitazama kiooni. Alisema polepole, "Nimekaa na yeye maisha yangu yote. Nimemuogesha. Nimemlisha kwa mkono wangu, maana hakushika tena kijiko. Sikuona. Wewe unakuja siku moja, na hicho kidude chako, unamwona." Akanitazama mkono wa kushoto, akautazama muda mrefu. "Na ni wako. Mimi sina."

Ningependa kuliambia kusanyiko hili kwamba nilimkumbatia papo hapo. Nilimkumbatia baadaye. Kwanza niliufurahia ule wivu wake, Mama. Niliukaribisha, nikauketisha, nikautazama ulivyo. Ulikuwa na sura yangu.

Nikamwambia, "Basi nipe kijiko hiki kimoja. Vitano vibaki vyako."

Alikinyakua mkononi mwangu kabla sijamaliza. "Banange! Kapteni chukua, sinia chukua, na hawa watano chukua leo leo, weka kwa gari. Hicho sitoi. Ukitaka kukwangua, utakuja hapa asubuhi, utapika uji kwanza." Akakitia kifuani, ndani ya khanga yako, akarudi kwenye sufuria zake. Safari hii alisugua zote.

Mjomba, najua umekaa ukisubiri kuuliza swali lako, na umeona kwamba wakili ana hoja, ana sheria, na ana ushahidi uliokaguliwa kwa kioo. Uulize. Sitasema neno. Nimeridhia. Makuruta ni wa Zamzam, wote sita, hata yule mmoja, hasa yule mmoja, na yeyote humu atakayewatania kwa kukosa vyeo ajue kwamba kila mmoja amebeba simba mgongoni.

Lakini usinidhanie vibaya kwa kunidhania vizuri, Mama. Wivu haujaisha. Bado nawaonea wivu wale wanawake wa Owino na gurusa zao za moto. Bado nitamwonea wivu Zamzam kila asubuhi, saa ambayo kijiko kile kiko kwake na mimi niko ng'ambo ya mji. Na wewe nakuonea wivu kidogo, kwa kuwa uliijua siri hii peke yako muda mrefu hivyo. Ulikuwa na mwenzio ndani ya nyumba, mwanao mwenyewe, na ulimwangalia pembeni. Labda uliogopa kwamba ukinitazama tu ningekusoma. Ungeniambia, Mama. Hata mara moja, jikoni, mlango ukiwa umefungwa. Tungekwangua sufuria pamoja, nisingemwambia mtu.

Sasa wamekwisha kujua wote. Samahani kwa hilo. Uliificha vizuri, na mimi nimeitoa mbele ya jamaa na majirani, kama nilivyofunzwa kufanya na kila kitu kilichofichwa.

Lala salama, mama yangu. Mwenyezi Mungu akupokee kwa mkono wowote aupendao. Asubuhi zangu za Ijumaa ni za nyumba hii tangu sasa, na uji nitaupika mwenyewe, unimwagikie usinimwagikie.

Nakuahidi na jambo moja zaidi, nalo nalitimiza leo. Kapteni nimemleta. Yuko juu ya sinia lake pale, amechovywa na kuchakaa, chai imo ndani na moto wake. Mjomba akishauliza, na kimya kikishapita, nitaondoka mahali hapa nimwinue, na nitawamiminia wageni wako wote, mmoja baada ya mwingine, kwa mkono wangu wa kushoto. Asiyependa anyooshe kikombe kwa Zamzam, sitamlaumu. Ana mkono wa kulia mzuri sana.

Wewe tazama visahani, Mama. Vitabaki vikavu.

Mwanao,
Halima